Gari Moja, Saa Moja

Ubishi ulianza ndani ya sauna ya Aulis,
jasho likitiririka, kila mtu na mchezo wake mdomoni:
nani hasa anajua kuendesha?
Maneno hayana breki. Nikasema, kesho, ziwani.
Miaka thelathini nimehesabu sekunde za wengine;
saa ninayo mimi.

Januari. Ziwa Hirvi limeganda kiasi cha kubeba lori.
Datsun ya rangi ya haradali, mlango mmoja wa kijani,
gari la mashindano ya makabwela:
sheria yake, likishamaliza kukimbia,
yeyote mwenye bei iliyopangwa hulinunua
na mwenyewe hana ruhusa ya kukataa.
Kwa hiyo hakuna anayeficha dhahabu chini ya boneti.
Gari lile lile, tairi zile zile, baridi ile ile.
Kilichobaki ni mikono.

Alitangulia Sampsa, mtu wa lami,
azijuaye kona zake kama ulimi ujuavyo meno.
Mzunguko wa kwanza alikwenda
kama mgeni gizani apapasaye ukuta akitafuta swichi.
Wa pili, nusu sekunde ikadondoka. Wa tatu, nyingine.
Alipita juu ya alama zake mwenyewe
kama mshonaji arudiaye pindo,
na kufikia wa kumi sikuona tena tofauti
ila kwenye saa.

Irja wa rali hakutaka hata kulikagua barafu kwa miguu.
"Barabara," alisema, "mimi hukutana nayo mara moja."
Kiti cha msomaji wake kilikuwa kitupu,
basi akajisomea; tuliona midomo ikicheza nyuma ya kioo.
Pua ya gari ilitazama msituni, gari lenyewe likaenda kwingine,
na kwingine huko ndiko alikokutaka.
Mzunguko wake wa kwanza ulimpiga Sampsa wa kwanza kwa sekunde nne.
Wa kumi ukapigwa na wa kumi kwa mbili.
Sasa niambie, daftarini niandike nini?

Wendell alitoka Iowa, akaoa kwetu, akabaki.
Kule kwao hupinda kushoto, na kushoto tena,
magari ishirini yakisuguana mabega,
udongo ukiwarukia watazamaji kwenye bia zao.
Kona za kushoto alizimeza bila kutafuna.
Ya kulia ya kwanza ikamlaza kwenye theluji mpaka madirishani.
Alitokea upande wa pili akicheka,
akauliza ni nani aliyeiweka kona huko.
Mcheza kwao hutuzwa, nilitaka kumwambia,
lakini akapangusa ndevu, akanena taratibu:
"Hapa niko peke yangu.
Sijui kuendesha bila mtu wa kumpita."
Saa yangu haina mshale wa kupima hilo.

Tukamgeukia Aulis, akusanyaye maziwa kwa lori
mashamba thelathini na moja kabla hakujakucha.
Akakataa. "Mimi," alisema, "nalipwa nisimwage."

Saa tisa jua lilikuwa linazama.
Tuuli, miaka kumi na mitano, akaja na bahasha,
pesa za kuchuma matunda ya msituni majira mawili,
bei kamili; hakuomba apunguziwe.
Sheria ni sheria. Akaketi.
Usukani, naamini, ulikuwa bado na joto la mikono sita.
Gari likazima. Akawasha. Likazima.

Ndipo mabingwa wakapaza sauti kwa pamoja:
"Tazama unakokwenda!" "Sikiliza tairi!"
"Egemea, binti, egemea!"
Yeye akapandisha kioo.

Akaondoka polepole, akiyumba,
kwa mstari ambao hakuna kati yao angeuchora,
na mimi nikagundua
kidole changu kimekwishabonyeza saa.