Mashine Haikunisoma

"Bonyeza tena," akasema Apondi wa dirisha la saba,
nami nikabonyeza: gumba, cha shahada, cha kati, cha pete,
hadi kile kidogo ambacho sijawahi kukipa kazi.
Kioo kikawaka kijani, kikafikiri,
kikaandika: hakuna kitu.

Hakuna kitu! Nyuma yangu foleni ikakohoa.
Nimetoka Maseno alfajiri kwa nauli ya kukopa,
bahasha ya kaki kifuani kama anayebeba mayai:
barua ya shamba la uyoga huko Polandi,
picha mbili zenye ukuta mweupe nyuma,
cheti cha kuzaliwa kilicholiwa pembe na panya.
Kimebaki cheti cha tabia njema tu,
cha kuthibitisha kwamba sijaiba, sijaua.
Kibali hakitoki bila hicho,
na hicho hakitoki bila vidole.

Apondi akaugeuza mkono wangu
kama mama anayekagua mtoto kabla ya kanisa.
"Bi. Mideva, unafanya kazi gani?"
Kokoto, nikamwambia.
Miaka kumi na mmoja, nyundo na pete ya mpira wa gari,
napasua jiwe hadi litoshe kiganja cha mtoto.
Kuna ghorofa hapa Kisumu zimesimama juu ya ngozi yangu,
labda hata jengo hili.

Hakucheka. Alinipaka losheni yake mwenyewe,
ile ya mkobani, yenye harufu ya limau.
Tukajaribu mara nne.
"Nenda ukapumzishe mikono," akasema.
"Wiki mbili. Usiguse jiwe. Alama zitarudi."

Sasa nieleze wewe uliyesoma:
ili nipewe ruhusa ya kufanya kazi
sharti kwanza niache kufanya kazi.

Nyumba yangu iko kusini mwa ikweta, mawe yangu kaskazini.
Pale barabarani kuna kibao; wageni hushuka kupiga picha,
mguu mmoja huku, mguu mmoja kule, wakicheka.
Mimi huuvuka mstari huo mara nne kwa siku
debe likiwa kichwani,
kutoka nusu ya dunia hadi nusu nyingine,
na hajatokea askari akaniuliza muhuri.

Wiki ya kwanza nilikaa kama bibi harusi.
Kadenyi alifua, akapika, akachota maji,
usiku akanisugua siagi vidoleni
na kunivisha soksi zake za shule mikononi.
Majirani wakauliza nimepatwa na nini.
Nasubiri kuota, nikasema.
Siku ya tisa unga ukaisha.
Siku ya kumi Shivachi wa lori akapiga honi:
tani mbili, pesa mkononi, kabla ya saa kumi.

Usiniulize.

Mkono wa nyundo niliufunga soksi mbili.
Ule mwingine, unaoshikilia jiwe lisiruke,
hauwezi kushika kwa soksi; jiwe linateleza.
Nikauacha wazi.

Jumatatu Apondi alinikumbuka kabla sijatamka jina.
Tisa vikaingia, kimoja baada ya kingine,
mistari myembamba ikijitokeza kiooni
kama matuta ya viazi baada ya mvua ya kwanza.
Kumbe nina shamba kwenye kila kidole
na sikuwahi kulitembelea.
Gumba la kushoto likakataa.
Apondi akatazama mlango, akatazama saa,
akachapa neno moja: kovu.
"Watakubali?"
"Wakati mwingine hukubali."

Nikarudi na risiti. Penye kibao nikashuka,
nikavuka kwa miguu, polepole, kama mgeni.
Uyoga ni laini, barua inasema,
hautaki vidole vinavyokwaruza.
Basi, nimewapelekea tisa.
Cha kumi kiko hapa, kwenye rundo,
kinashikilia jiwe lisiruke.