Daftari la Chapati

Tandika, saa moja asubuhi, chapati ya kwanza inavimba.
Machupa ananisogezea simu, nione mkeka wake:
timu tisa, dau mia tano, malipo laki moja na ushee.
"Mamdogo, hii moja nukta ishirini. Hii haichaniki."

Uhakika mmoja, sawa.
Uzidishe mara tisa
uone unavyolegea, kama unga uliozidi maji.

Mimi sijawahi kubeti.
Ila daftari langu la mkopo lina odi
kushinda kibanda chao cha kijani.
Fundi Mkumba: moja nukta sifuri tano,
simwandiki jina, namchorea cherehani.
Yule wa bajaji, Ijumaa kumi kalipa nne:
mbili na nusu, na chai yake ya rangi.
Mwenye nyumba kufika tarehe mosi?
Hiyo hakuna kampuni inayoipokea.

Siku moja nilizigeuza odi zao kuwa nafasi,
nyumbani, sare, ugenini, nikajumlisha.
Ilipaswa kuwa mia.
Ikaja mia na saba.
Ile saba ndiyo pango, taa, na binti wa dirishani.
Sikuwalaumu. Donge langu nami nalikata dogo kidogo
kwa ajili ya wasiolipa,
na Mkumba anakula dogo hilohilo.

Jumapili umechanika. Timu ya nane, dakika ya tisini na tatu.
Machupa anataka mbili, na maharage. Kesho, anasema.
Namtazama.
Nafungua ukurasa wa mwisho,
wa wale nisiowahesabu.