Zoezi la Moto

Kengele ya moto ikilia hapa Dundee
darasa la tano hujipanga wawiliwawili,
hushuka ngazi za mawe zilizolika katikati
kwenda kuhesabiwa uwanjani, mvuani.

Sisi wawili hatushuki.
Catriona na kitimwendo chake, mimi na redio ya mkononi,
twaenda kwenye kona yenye kibao cha kijani:
hapa ni salama, subirini.
Lifti haitumiki siku ya moto.
Kanuni ni kanuni.

Kwenye mafaili, shule yetu ni shule ya wote.
Nami nilitia sahihi.

"Tunamsubiri nani," huniuliza, "zimamoto au moto?"
Ana miaka tisa. Neno hulitoa polepole,
kama atungaye uzi kwenye sindano;
walimu wageni humdakia, humalizia sentensi yake,
na humalizia vibaya.
Mimi nilijua kungoja. Kiingereza changu nacho
miaka mingi kilimaliziwa na watu dukani.

Novemba, zoezi la tatu, nikasikia viatu vinarudi juu.
Bogdan. Kalowa, anahema, karata mkononi.
Shuka, nikamwambia, utaharibu hesabu.
Akaketi sakafuni, akagawa saba saba,
hata mimi akanipa.

Huko chini mwalimu mkuu akahesabu, akarudia,
redio ikakoroma jina la Bogdan.
Catriona akanyoosha mkono, akaibonyeza,
na uwanja mzima, pamoja na mvua yake,
ukalazimika kumngoja hadi nukta:
"Anzeni... kuhesabu... kutoka... huku juu."

Bogdan alinyimwa mapumziko siku mbili.
Barua zikaandikwa. Mzazi mmoja akalalamika
kwamba chumba cha chini kinanuka kabichi ya jikoni
na mto Tay hauonekani dirishani.
Ni kweli, hauonekani.
Januari tukahamia, na madawati, na samaki wa darasa
ndani ya ndoo, Bogdan kashika mpini.

Februari kengele ilipolia
miguu yangu ilikwisha zoea: nikageukia ngazi,
nikapanda vipago vinne peke yangu, kama mjinga.
"We!" Catriona, tayari yuko mlangoni.
"Unamsubiri nani?"

Akatoka nje na wenzake, akahesabiwa wa kumi na moja.
Mvua ikampiga, nywele zikamganda usoni,
soksi chepechepe,
akanung'unika mpaka saa ya chakula.