Nafsi ya Tatu

Limekuja kwa posta, ndani ya boksi la karatasi za printa,
kilo nne na nusu. Nimelipima
kwenye mizani ya jikoni, ile ya unga,
kwa kuwa siku niliyozaliwa, ukurasa wa kwanza unasema,
nilikuwa kilo mbili na robo.
Basi faili langu limenizidi mara mbili.

Mvua ya Dundee haina haraka. Mimi pia sina.
Nimeteleka chai, nimekaa sakafuni.

"M. amekataa uji."
"M. amerudi saa nne kasorobo. Mwisho ni saa tatu."
"M. ameulizwa anajisikiaje. M. amesema: vizuri."

M. ni mimi. Mhairi: huandikwa hivyo,
hutamkwa Vari, na walezi sita
(saba, ukimhesabu yule wa Krismasi)
walinipa majina sita.
Faili limekata shauri: herufi moja na nukta,
kama tonge lililomezwa na mtu aliyechelewa.

Kila kitu kimo.
Jino lililong'oka Februari. Risiti ya koti la shule, saini mbili.
Kufuli la friji, "kwa usalama wa wote".
Jioni ile ya Broughty Ferry niliposema nataka kwenda nyumbani
na mtu akaandika:
"Haijafahamika ni nyumba ipi."

Na Senga wa zamu ya usiku,
mwandiko wake umelala kama nyasi zilizokanyagwa:
"Saa nane. Hana usingizi. Tumekaanga mayai. Amecheka."
Kurasa mia tisa, na neno hilo mara moja tu.
Mayai nayakumbuka. Kicheko sikikumbuki,
lakini Senga alikuwa mvivu wa kuandika,
asingepoteza wino kwa uongo.

Halafu michirizi myeusi.

Barua ya juu inaeleza kwa adabu:
majina ya wahusika wa tatu yamefichwa,
ndivyo sheria inavyotaka, samahani kwa usumbufu.

Mhusika wa tatu.
Nilimfunga kamba za viatu.
Nilimwamsha akojoe kabla hajalowa, ili asichekwe.
Nilimwambia kelele za chini ni televisheni.
Aliondoka Alhamisi, kwa treni, juu ya daraja la Tay,
kwa watu wa Fife waliokuwa na nafasi ya mmoja,
kofia yangu kichwani mwake. Nilimwambia nimemwazima,
maana cha kuazima hurudishwa.

Sarufi ina mimi, ina wewe,
kisha yeye, anayesemwa akiwa hayupo.
Kumbe tulikuwa huko sote wawili,
nafsi ya tatu na nafsi ya tatu,
yeye chini ya wino, mimi juu yake,
tukisemwa.

Nimejifunza kumpima.
Mchirizi wa baba ni mfupi. Wa mama una pengo katikati.
Wake ni upana wa kidole gumba changu, herufi saba:
ukurasa wa 214, 215, 388,
kisha weupe, weupe, hospitali ya meno, weupe,
kisha 611.

Ukurasa wa 611 kalamu ilikuwa inakauka,
au mkono uliofuta ulikuwa umechoka, ilikuwa Ijumaa labda.
Nimeubandika karatasi kwa karatasi na kioo cha dirisha,
mvua upande wa pili,
na mwisho wa weusi pamechungulia
mguu wa herufi. *h*.

Haitamkwi hiyo. Ruaridh huitwa Rori,
na *h* hukaa tu nyuma ya jina
kama mtoto aliyeambiwa asubiri kwenye korido.
Alipokuwa na miaka mitano aliisahau kila mara.
Nilikuwa nikimwongezea mimi,
kwa krayoni, mlangoni pa darasa,
mwalimu hajafika.