Mikono Juu

Sikuanguka mtini.
Watu wakisikia Pemba, na bega, na msimu wa karafuu,
hunipandisha mkarafuu wenyewe
ili nipate kuanguka kwa heshima.
Mimi niliteleza barazani, jamvi mkononi,
mvua imekuja ghafla nami naanua
pishi tatu za mkwe wangu, hata hazijakauka.
Karafuu zikatawanyika. Bega nalo likatoka.
Nilisikia mlio, ko!
kama kifuniko cha kopo la maziwa.

Spitali ya Wete walilirudisha usiku ule ule,
wawili wamenishika, mmoja anavuta,
mimi nasoma kila sura niijuayo.
Kisha mkono ukafungwa kifuani wiki tatu,
kama mtoto wa watu niliyeachiwa nimlee.

Bi Mize akaja na mafuta ya habasoda:
"Nikukande, mwanangu, kiungo kikae."
Nikakataa. Akanuna. Mafuta akayaacha.
(Nilijipaka mwenyewe, kwa harufu tu.)

Kuoga kazi. Kufunga ushungi kazi mbili.
Faki, mume wangu, alinichana nywele
kama mtu anayepaa magamba ya changu.
Na bandeji ilipofunguliwa, mkono haukuwa wangu:
ulikwenda mpaka usawa wa mbavu, ukagoma,
punda aliyeona daraja.

Ndipo nikapelekwa chumba cha mwisho, cha mazoezi.
Akatoka binti wa koti jeupe, penseli sikioni.
"Mwalimu Bikombo! Hunijui? Raya. Raya Shaame.
Darasa la tano B."

Nilimjua. Alikuwa akichelewa.
Kila siku akichelewa, na nguo zimerowa kifuani,
kisima cha kwao kiko mbali,
nami sikuuliza habari za kisima.
Nilikuwa nikimwambia: ukutani. Mikono juu.
Mpaka kengele.

"Uelekee ukuta, Mwalimu," alisema.
"Weka vidole viwili, vitembee kwenda juu,
kama buibui. Taratibu. Ukiumwa sana, sema."

Ukiumwa sana, sema.

Pale vidole viliposhindwa akapiga mstari wa penseli,
akaandika tarehe pembeni.
Usawa wa kidevu. Wiki ya pili, sikio.
Wiki ya nne mstari ulishuka, nikalia
mtu mzima mie, pua imebanwa na chokaa,
naye akangoja, anatazama dirishani
kama aliyeona kitu cha maana huko nje.

Maneno nilikuwa nayo. Niliyapanga kila Jumatatu
tangu Mtambwe mpaka mlangoni pake:
Raya, ule ukuta wa skuli...
Lakini yeye anahesabu, kumi na tatu, kumi na nne,
na mtu anayekuhesabia maumivu
humkatizi.

Skuli kwetu tarehe huandikwa juu kabisa ya ubao.
Muda wote ule aliiandika Hamad, mrefu wa darasa,
na Februari yake ilikuwa na herufi
za kutosha miezi miwili.

Jana nilishika chaki mimi.
Nikapanda polepole, buibui yule yule,
bega likalalama, likaguna, likakubali.
Tarehe imekaa upande, imelegea katikati
kama kamba ya kuanikia.
Hakuna aliyecheka. Hamad alitaka kupiga makofi,
akaona haya.

Mlango ukafunguliwa. Mbarouk, wa dawati la nyuma,
amechelewa, magoti yana matope.
Hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja ukutani,
akanyanyua mikono, hajaambiwa.

Nikaweka chaki chini.
"Shusha," nikamwambia. "Shusha, mwanangu.
Asubuhi hii umetoka wapi?"