Kabla ya Njano

Saa mbili usiku, maabara ya ghorofa ya pili,
Kisumu inapumua joto la ziwa kwenye wavu wa dirisha.
Chupa moja inatikiswa ndani ya kabati,
nyuzi thelathini na saba,
mwendo wa mtu anayebembeleza mtoto wa jirani.
Nimewatilia bakteria sukari mbili:
glukosi kiduchu, laktosi tele.
Hawajasoma daftari langu,
lakini wanajua cha kutangulia.

Kila nusu saa nawaibia kijiko.
Nawatoboa kwa klorofomu, nawapa maji yasiyo rangi,
maji ya mtego: kimeng'enya cha kukatia sukari ya maziwa
kikiwepo, yatageuka njano.
Kisipokuwepo, maji ni maji.
Kisha nasimamisha yote kwa magadi,
usicheke, ndugu msafi wa yale
yanayolainisha mrenda jikoni kwa mama.

Saa mbili na nusu, maji.
Saa tatu, maji.
Supu inapata ukungu, wanazaana,
na kimeng'enya hakuna anayekihangaikia.
Kukiunda ni gharama.
Nani anunue panga la miwa
akiwa na sukari guru mfukoni?

Saa nne na dakika kumi
mstari wa daftari ukalala chali.
Glukosi imekwisha.
Hawafi, hawazaani.
Odera, aliyekuja kuazima pipeti, akachungulia:
"Wamekwisha hao. Mwaga ukalale."

Sikumwaga.
Mstari huu uliolala naujua.

Baba, Zablon Mukhwana, fundi wa boila,
miaka kumi na tisa kiwandani,
shati likinuka molasi hata baada ya kufuliwa mara mbili.
Machi lango likafungwa kwa mnyororo.
Akakaa nyuma ya nyumba, juu ya ndoo iliyopinduliwa,
Machi, Aprili, Mei.
Mama alipima unga kwa kikombe, halafu kwa nusu kikombe.
Shangazi alileta mtu wa maombi.
Waliopita na mitungi walisema, bila kupunguza sauti,
Mukhwana amekwisha.

Nilikuwa darasa la sita, nikidhani kukaa ni kukaa.
Siku moja nikaenda kuanika daftari lililolowa
nikamkuta na glovu ya mpira, ile ya kiwandani,
ameijaza maji, ameitundika kwenye msumari,
vidole vyake vimetobolewa kwa sindano ya mama.
Mikono iliyozoea valvu za chuma
ilikuwa inabana, inaachia,
inabana, inaachia,
na maji yanaruka kila upande isipokuwa sufuriani.
Aliniona. Akasema,
"Usimwambie mtu."

Juni akaja ng'ombe wa mkopo, mwekundu, mwenye teke.

Sisemi ni jambo moja.
Bakteria hawana madeni dukani,
wala hawakudhulumiwa mishahara ya miezi saba
ambayo mpaka leo baba anaitaja kwa shilingi na senti.
Na wao hawaoni haya.
Ila mimi, nikiona kitu kimetulia,
siku hizi nauliza kwanza mikono yake iko wapi.

Saa tano kasoro robo:
rangi hafifu, mfano wa maji yaliyosuuza ganda la limau.
Nikainua kichupa kwenye taa, nikajisuta,
macho ya usiku hayaaminiki.
Saa tano na robo: njano.
Saa tano na dakika arobaini na tano:
njano ya kiini cha yai la kienyeji,
mashine ikagoma kusoma, nikalazimika kuzimua,
na ukungu ndani ya chupa ukaanza tena kupanda.

Odera keshalala, pipeti yangu anayo.
Nikaandika tarakimu zote.
Kisha nikarudi juu, kwenye ule mstari uliolala,
safu ya maoni, ambako nilikuwa nimeweka kistari tu.
Nikakifuta.
Nikaandika: saa nne na dakika kumi,
walikuwa kazini.