Dakika za Barafu

Jina letu liko karibu na mlango,
herufi ndogo, urefu wa kidole gumba,
abiria hulipita akitafuta kiti chake.
Mkiani ni rangi yao. Tiketi ni yao.
Hata karatasi iliyo chini ya kikombe cha kahawa
ina nembo yao.
Sisi tuna marubani, mafundi, na theluji.

Nguo ya kuazima haisitiri matako, tunajua.
Lakini miaka kumi na miwili tumeivaa
hadi tukasahau ilikotoka,
mpaka ikaja barua ya kurasa mbili:
mkataba unakwisha Machi, njooni Chicago.

Tulikwenda watatu.
Reino Kangas, mkurugenzi, aliyeanza kwa kufagia banda la ndege
na bado hutembea akitazama sakafu,
akitafuta skrubu iliyoanguka.
Wakili Delphine Arsenault na kalamu zake nne.
Na mimi, Aili, mtu wa hesabu,
na kompyuta yenye ufa.

Ghorofa ya thelathini na moja.
Upande wa pili wa meza walikaa tisa.
Bwana Lindell alifungua kikao kwa upole,
upole wa daktari wa meno.
"Ninyi ni familia," akasema,
nami nikajua tutakatwa.
Asilimia saba kwa kila saa ya kuruka.
Ndege sita zirudi.
Kituo kimoja kifungwe; mtachagua wenyewe.
Mtachagua wenyewe!
Umepewa kisu,
unaulizwa kidole kipi hukihitaji.

Siku ya pili tulizungumzia breki.
Wao hulipa tangu breki zinapolegezwa
hadi zinapokazwa kule ndege iendako.
Nje ya hapo, hata senti.
Lakini kwetu Hancock, Januari,
ndege husimama imekaza breki
huku Eino Salmela, juu ya kreni, na miwani ya mpiga mbizi,
akiyamwagia mabawa dawa moto ya rangi ya chungwa.
Dakika kumi na moja. Siku mbaya, ishirini.
Mishahara inatembea,
saa ya mkataba imelala.

Nikawafungulia jedwali.
Misimu kumi na miwili ya baridi, vituo vyote, dakika kwa dakika.
"Siku mia mbili na tisa," nikasema,
"tumewasimamia bure."

Kijiko kiligonga kikombe mahali fulani.
Kijana wa mwisho mezani aliandika kitu,
akakifuta, akakiandika tena.
"Theluji ni ya Mungu," akasema Lindell. "Haimo kwenye bei."
"Basi Mungu awarukishie ndege," akajibu Delphine.
Reino akainua macho kutoka sakafuni,
kwa mara ya kwanza tangu tufike.

Usiku ule Ruthanne wa kaunta ya Ironwood alinitumia ujumbe:
*Ni sisi?*
Kaunta ile ina watu wanne na mizani moja ya mizigo.
Ruthanne anajua abiria gani anakwenda kwenye tibakemia,
humwekea kiti cha mbele bila kuulizwa.
Sikujibu.
Nilimtumia picha ya dirisha langu, taa za mji.
Hakuuliza tena.

Siku ya nne tukatia saini.
Asilimia nne. Ndege nne. Ironwood.
Miaka miwili, si kumi.
Na barafu?
Barafu tuligawana kama urithi wa maskini,
sufuria huku, kifuniko kule.

Tukirudi, mhudumu alitangaza,
"Asanteni kwa kutuchagua," akataja jina lao,
kama alivyofundishwa,
kisha akamwona Reino kiti cha kumi na nne
akashusha kipaza sauti taratibu.

Leo alfajiri nimesimama dirishani Hancock.
Theluji inakuja kwa ubavu.
Eino yuko juu, mvuke umemmeza hadi kiunoni,
anasugua bawa la kushoto, anarudia ncha,
hana haraka, hajasoma mkataba.
Nimewasha saa yangu.
Kumi na moja.
Sita zao, tano zetu.
Breki zimelegezwa.